Mkate Wenye Tupa Ndani: Jinsi Kisa Kinavyosukwa

Fumo Liyongo amefungwa gerezani Pate, na Sultani ameshaamua auawe. Kila siku kijakazi Saada humletea chakula kutoka kwa mama yake, na kila siku walinzi hula kile kizuri wakamwachia mfungwa masazo. Liyongo anaugeuza ulafi wao kuwa silaha. Kwa wimbo wa mafumbo anampa Saada ujumbe: mama aoke mikate mizuri, na pamoja nayo aoke mkate wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa afiche tupa. Walinzi wanaishambulia mikate mizuri, wa wishwa wanamtupia mwenyewe. Siku ya mwisho inapokaribia, Liyongo anaomba apigiwe gungu, na watu wanapocheza, vishindo vya ngoma vinafunika mlio wa tupa inayokereza minyororo.

Kisa hiki kilisimuliwa pwani kwa vizazi vingi kabla ya Muhammad Kijumwa wa Lamu kukitungia utenzi mwaka 1913. Kimedumu kwa zaidi ya ushujaa. Mashujaa wenye nguvu ni wengi, na wengi wao wameshasahaulika. Kinachokibeba kisa cha Liyongo ni ufundi: hakuna tukio linaloshuka kutoka mbinguni. Tupa inaingia gerezani kwa sababu walinzi ni walafi. Mlio wake hausikiki kwa sababu watu wanapenda ngoma. Mfungwa anaokoka kwa sababu anawafahamu wanaomlinda kuliko wanavyojifahamu wenyewe. Ondoa tabia ya mtu mmoja tu, kisa chote kinaporomoka.

Anayetaka kuandika riwaya au hadithi fupi leo anaweza kuanzia hapo. Bunilizi husukwa kwa haja za watu. Mtu anataka kitu, anazuiwa, anachagua njia, na njia aliyoichagua inamzalia taabu mpya ambayo hakuitarajia. Wazo la hadithi, msuko wa matukio na mabadiliko ya mhusika hufundishwa kama masomo matatu, kila moja na sura yake kitabuni. Kwa mwandishi aliye kazini ni swali moja linaloulizwa mara tatu: huyu mtu anataka nini, yuko tayari kufanya nini ili akipate, na kukipata au kukikosa kutamfanya awe nani?

Mada bado si kisa

Waandishi wengi chipukizi wa Kiswahili huanza na mada. Ukiwauliza wanaandika nini, watajibu: rushwa, ndoa za lazima, dawa za kulevya, vijana kukimbilia mjini. Mada hizo ni za kweli na zina uzito wake, lakini hakuna hata moja iliyo hadithi. Mwandishi akianza nazo na kubaki nazo, wahusika wake wanakuwa matarishi: mmoja anabeba ujumbe wa uovu, mwingine ujumbe wa wema, na msomaji anajua mwisho tangu ukurasa wa tano.

Tabia hii ina chanzo chake. Darasani, Tanzania na Kenya, mwanafunzi hufundishwa kuichambua riwaya kwa kuorodhesha dhamira, kisha wahusika, kisha mandhari, kisha matumizi ya lugha. Uchambuzi huo una faida yake, ila humzoesha kijana kuamini kwamba riwaya huandikwa kwa mpangilio ule ule inavyochambuliwa: dhamira kwanza, watu baadaye. Akikaa kuandika, anatafuta watu wa kuivaa dhamira yake, na watu hao hawatembei.

Adam Shafi alikuwa na mada kubwa mkononi alipoandika Kuli, iliyotoka mwaka 1979: mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948. Historia ya namna hiyo ingeweza kuandikwa kwa hotuba na takwimu. Yeye aliikabidhi kwa Rashidi, kijana anayekulia katika umaskini wa makuli na kujifunza kidogo kidogo kwamba shida yake si mkosi wa nyumba yao peke yao. Mgomo unapofika, msomaji hahitaji kuelezwa maana yake. Ameshabeba magunia pamoja na mtu anayemjua.

Ili kuona jinsi mada inavyogeuka kuwa kisa, chukua jambo lililo karibu na kila mtaa: kikoba. Mada inaweza kuwa uaminifu katika vikundi vya kina mama. Mada hiyo haina miguu bado. Lakini kikoba kina kanuni zake, na kanuni ni hazina kwa msimuliaji. Katika vikundi vingi fedha hutunzwa kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli 3. Funguo zake hushikwa na wanachama 3 tofauti, na anayelala na kisanduku nyumbani kwake hapewi ufunguo hata mmoja. Siku ya kikao kinafunguliwa mbele ya wote, fedha zinahesabiwa kwa sauti, hisa zinagongwa mhuri kwenye vitabu.

Sasa aingie mtu. Aitwe Mwantumu, mkazi wa Buguruni. Miaka iliyopita mumewe alikopa kwa majirani, akatoroka, na Mwantumu akalipa deni moja baada ya jingine kwa kuuza vitumbua, mpaka mtaa ukaanza tena kumwita kwa jina lake. Kikoba kilipomkabidhi ufunguo, aliufunga kwenye ncha ya khanga kama mtu aliyepewa cheti. Binti yake amepata nafasi chuo cha uuguzi, na ada inatakiwa Jumatatu. Kukopa haruhusiwi kwa sababu mkopo wa kwanza hajaumaliza. Mshika ufunguo wa pili amesafiri msibani na kumwachia wake. Kufuli la tatu limeharibika wiki kadhaa sasa, linaning'inia tu, na kila mtu anasema fundi atakuja. Kisanduku kiko uvunguni mwa kitanda cha Bi Tatu, shoga yake wa tangu utotoni.

Hapo mada imepata miguu, na sababu inaonekana. Kitu anachokitaka, ada ya binti, kinagongana na kitu anachokithamini kuliko vyote, jina lake. Hakuna mtu mbaya chumbani. Kuna tarehe ya mwisho, kwa hiyo hawezi kuahirisha. Na kuna mlango uliofunguka kwa uzembe wa watu wote, si kwa muujiza. Mwandishi mwenye subira ataongeza swali moja: likitokea jambo gani, hali hii haitarekebishika tena? Mwantumu anafungua kisanduku akinuia kuzirudisha fedha kabla ya Jumamosi, anahesabu, na anakuta hesabu ni pungufu. Kuna aliyemtangulia. Akisema, amejitaja. Akinyamaza, Jumamosi kikao kitahesabu, na aliyelala na kisanduku ni Bi Tatu.

Wazo lenye nguvu hutambulika hivyo: linamweka mhusika mahali ambapo kila njia ina gharama, na gharama hiyo inamgusa yeye kuliko ambavyo ingemgusa mtu mwingine yeyote. Mpe ufunguo huo mwanamke ambaye hajawahi kudharauliwa, na kisa kinapoa mara moja.

Tukio lizae tukio

Baada ya wazo huja msuko. Waandishi wengi huupanga kama ratiba ya safari: shujaa alizaliwa, kisha akaenda shule, kisha akaenda mjini, kisha akapata kazi. Neno "kisha" linaweza kuunganisha chochote na chochote, ndiyo maana halina nguvu. Mtihani mzuri wa msuko ni kuandika matukio makuu katika mistari kumi, halafu kuyaunganisha kwa "kwa sababu hiyo" au "lakini". Pale maneno hayo yanapokataa kukaa, pana tundu.

Riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, inaufaulu mtihani huo kwa namna ya kutisha. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayesimulia mambo yake mwenyewe, ana kisasi na Manase, mwenzake wa zamani aliyekwisha kupata cheo. Manase alimpa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia akafa. Kwa sababu hiyo, Kazimoto anaamua kulipiza kwa kumharibu Sabina, dada yake Manase. Lakini akiwa katika kumwinda anampenda, na anamuoa. Mpaka hapo msomaji anaweza kudhani mapenzi yameshinda. Kezilahabi hamruhusu apumzike. Maisha ambayo Manase na Kazimoto wote wawili waliyaishi kabla ya ndoa yamewaachia ugonjwa. Mtoto wa Manase anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, na mtoto wa Kazimoto na Sabina anazaliwa katika hali ile ile. Kazimoto anajiua.

Msomaji anaweza kuuchukia mwisho huo, na wapo waliouchukia. Hakuna awezaye kusema haukuandaliwa. Mtu aliyeanza kwa kumwona adui yake kuwa mchafu anajikuta ameishia mahali alipoishia adui. Kisasi, ndoa na kifo vimeshikana, na vyote vimetoka katika tabia ya kijana mmoja anayefikiri sana kuhusu maisha na kujichunguza kidogo.

Kinyume chake ni sadfa, ugonjwa sugu wa riwaya pendwa. Barua inaokotwa njiani. Baba aliyepotea anakutwa hotelini. Jambazi anagongwa na gari dakika ile ile anayotaka kumuua shujaa. Sadfa si haramu, lakini ina mahali pake. Sadfa inayomtia mhusika taabuni hukubalika, kwa kuwa maisha ndivyo yalivyo. Sadfa inayomtoa taabuni humnyang'anya nafasi ya kuchagua, na msomaji hujiona amedanganywa. Kufuli lililoharibika linaweza kumponza Mwantumu. Haifai mjomba kutoka Oman amwokoe Jumapili jioni kwa bahasha ya fedha.

Msomaji ajue nini, na lini

Taharuki huchukuliwa na wengi kuwa ni mbio na risasi. Kwa kweli taharuki ni ugawaji wa taarifa. Mwandishi huamua nani anajua nini na kwa wakati gani.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliifungua njia ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anaona mambo yale yale anayoyaona rafiki yake Najum. Tofauti ni kwamba Najum hajui alichokiona. Msomaji amewekwa upande wa Najum: dalili zote ziko mbele yake, ila tafsiri imezuiliwa. Abdulla alijifunza mpangilio huo kwa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, kisha akautia katika mji wenye mizimu, unaoheshimu wazee na unaosema kwa mafumbo, na hapo ukawa mali ya Unguja.

Ken Walibora alitumia njia nyingine katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya mwaka 2012 iliyosomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari nchini Kenya. Amani anafika Sokomoko na kuchukua kazi ya kuchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora. Ni kijana msomi, na kazi ile haifanani naye. Msomaji anahisi kuna jambo, na hisia hiyo inambeba kupitia mengi yanayotokea, mpaka inajulikana kwamba Amani aliibiwa mswada wake na anamtafuta aliyeuchapisha kwa jina lake mwenyewe. Mwizi ni Mwalimu Majisifu, ndugu yake huyo huyo Mtemi. Siri ya Amani inafanya kazi mbili kwa pamoja: inamvuta msomaji mbele, na inayapa maana mpya matukio ya nyuma. Kitoto Uhuru kinapoachwa mlangoni pa Amani, kijana aliyekuja kutafuta haki yake anajikuta amebebeshwa mzigo wa dhambi ya mwingine, nao unamtia katika hatari ambayo hakuja kuitafuta.

Riwaya za mfululizo magazetini, ambazo kwa miaka mingi ziliwafanya wasomaji wa Dar es Salaam wasubiri toleo la wiki inayofuata, zilikuwa na shule yao ya taharuki. Kila sehemu iliishia kwenye swali lisilojibiwa. Waandishi wanaotuma hadithi zao kwa simu leo wamerithi ufundi huo. Hatari yake ni kwamba swali la mwisho wa kila sehemu likizoeleka, linakuwa desturi tupu: mlango unabishwa, simu inaita, mtu anazimia. Swali lenye nguvu hutokana na uamuzi ambao mhusika ameshaufanya na msomaji anaogopa matokeo yake.

Mtu abadilike kwa kitu gani?

Katika uandishi wa haraka, mabadiliko ya mhusika hupewa sentensi moja: tangu siku ile akawa mtu mwingine. Maisha hayaendi hivyo, na riwaya nzuri hazifanyi hivyo.

Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, ilitoka mwaka 1971 na kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Watu walisema mengi kuhusu yale yaliyomo, na machache kuhusu ilivyojengwa. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina, kijijini Namagondo, Ukerewe. Kijana Charles anamwandikia barua, baba anagundua, na kipigo kinachofuata ni cha kumvunja mtoto. Tazama jinsi kipigo hicho kinavyofanya kazi. Zakaria mwenyewe ni mlevi ambaye nyumba yake imemshinda, lakini juu ya heshima ya binti hataki mchezo. Rosa hapati nafasi ya kujua wanaume ni watu wa namna gani, wala ya kujua yeye mwenyewe ni nani mbele yao. Anapokwenda shule ya wasichana Mwanza anabeba hofu. Mbali na baba, hofu hiyo inageuka kuwa kiu, na hana mtu wa kumwelekeza. Kila hatua anayoteleza ina alama ya fimbo ya Namagondo. Charles anaporudi maishani mwake kama mchumba, anamkataa kwa sababu si bikira tena, na Rosa anajiua.

Barua ya mwanzo na kukataliwa kwa mwisho ni za mtu mmoja. Huo ni msuko uliofungwa kwa mikono ya fundi. Baba alipiga ili kuilinda heshima, na kwa kupiga akaanzisha yote yatakayoiangusha. Rosa anabadilika, tena sana, ila anabadilika kwa kujifunza somo lisilo sahihi kutoka kwa tukio la kwanza. Wahusika wengi wasiosahaulika wako hivyo. Wana jeraha, wamelitafsiri vibaya, na wanaishi kwa kuifuata tafsiri hiyo mpaka maisha yaikatae.

Adam Shafi alimpeleka mhusika wake upande mwingine katika Vuta n'Kuvute, riwaya ya mwaka 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa akiwa bado mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali. Anatoroka. Jamaa zake hawampokei, na anayempa mahali pa kulala ni Mwajuma wa Ng'ambo. Kuvuka kutoka mitaa ya maduka kwenda Ng'ambo ni hatua chache kwa miguu, lakini katika Zanzibar ya ukoloni ni kuvuka mpaka wa rangi, dini, chakula na ngoma. Huko anampenda Denge, kijana wa siasa za ukombozi anayeandamwa na polisi. Nguvu ya riwaya iko katika haja mbili zinazotaka kusaidiana na zinazoumizana. Yasmin anataka kuwa huru moyoni mwake, Denge anataka nchi iwe huru. Mapenzi yanamfanya Denge awe rahisi kuonekana, na siasa zinamfanya Yasmin ampoteze kila anapompata. Amil Shivji alipoifanya riwaya hiyo filamu, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, alilazimika kuyaacha mengi. Mvutano huo hakuuacha, kwa sababu bila huo hakuna kinachobaki.

Je, kila mhusika lazima abadilike? Hapana. Bwana Msa habadiliki, na msomaji hataki abadilike. Anamrudia kitabu baada ya kitabu kama anavyomrudia fundi anayemwamini. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni wa ukoo huo. Kwa wahusika wa aina hii kinachobadilika ni ufahamu wa msomaji kuhusu mji, uhalifu na watu.

Shaaban Robert alifanya jambo la hila zaidi katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951. Karama anasimama barazani akishtakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa pande zote, juu na chini, wakarudi na manufaa kwa nchi na kutiwa gerezani. Karama wa mwisho ni yule yule wa mwanzo. Anayesogea ni baraza. Mjumbe wa kwanza anasikilizwa kwa uadui, na kadiri simulizi zinavyofuatana, kisa kile kile kinachojirudia kinageuka kuwa ushahidi dhidi ya waliomshtaki. Shaaban Robert ameyahamisha mabadiliko kutoka kwa shujaa na kuyapeleka kwa wasikilizaji wake, na uhuru wa Karama na wa wafungwa unatoka humo. Mwandishi anayetaka shujaa asiyetikisika na aisome Kusadikika kwa jicho hilo, aone ni nani ametikiswa badala yake.

Mpinzani mwenye haki yake

Hadithi hupungua nguvu pale mpinzani anapokuwa mbaya kwa kuwa tu hadithi inahitaji mbaya. Zakaria anampenda binti yake kwa namna iliyopotoka. Bwana Raza hajioni kuwa mdhalimu. Ameoa kwa taratibu zinazokubalika katika jamii yake. Majisifu ni mtu aliyetamani sifa ya uandishi kuliko uandishi wenyewe. Kila mmoja angeweza kusimama mbele ya kadhi akajieleza, na kadhi angetikisa kichwa walau mara moja kwa kumwelewa.

Mfano mkuu wa jambo hili ni mauti ya Liyongo. Hauawi kwa chuma, ila kwa kuchomwa kitovuni kwa shaba, na siri hiyo anayo mwenyewe. Sultani anamtuma mwanawe Liyongo aichokonoe, kwa ahadi ya cheo na mke. Kijana anauliza. Baba anatambua kwamba mtoto ametumwa, na bado anamwambia. Wasimulizi wa pwani hawakumfanya Liyongo mjinga, na hawakumfanya mtoto shetani. Walimweka baba mahali ambapo kuficha siri kungemaanisha kumkana mwanawe, naye akachagua. Mtu aliyewashinda walinzi kwa kujua udhaifu wao anaangushwa na jambo analolijua kabisa. Hakuna mpelelezi wala jeshi ambalo lingeweza kuleta kifo kizito kiasi hicho.

Mwisho unaotokana na uamuzi

Baada ya Kezilahabi, waandishi wengi wa Kiswahili walikichukua kifo kama alama ya uzito wa riwaya. Shujaa akijinyonga, kitabu kinaonekana kimekomaa. Ukweli ni kwamba Kezilahabi mwenyewe alitofautisha vifo vyake. Katika Dunia Uwanja wa Fujo, ya mwaka 1975, Tumaini anaufuja urithi wa wazazi, kisha anageuka kuwa mkulima mwenye bidii na mali. Amekuwa mtu ambaye kila mzee angemtaka awe, lakini nchi nayo imebadilika, na siasa ya Ujamaa inaifikia ardhi yake. Anampiga risasi mkuu wa wilaya, naye anahukumiwa kifo. Rosa anakufa kwa kukosa njia. Tumaini anakufa kwa kuchagua kutetea alichokijenga dhidi ya wakati uliompita. Anayeiga kifo bila kuiga sababu anapata maiti bila msiba.

Mwisho unaweza kuwa wazi na bado ukawa mwisho. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliandika kwa Kiingereza riwaya ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomtoa rehani kwa tajiri Aziz kwa ajili ya deni. Kwa sehemu kubwa ya riwaya anachukuliwa, anapelekwa, anaambiwa, anatazamwa. Mwishoni kabisa, askari wa Wajerumani wakipita, anawakimbilia. Hatuelezwi kilichompata baadaye. Tunajua tu kwamba mtu aliyeamuliwa kila kitu ameamua jambo moja, na jambo lenyewe huenda likawa utumwa wa namna nyingine. Msuko umekamilika kwa kuwa swali la ndani ya mhusika limejibiwa, hata kama maisha yake hayajamalizika.

Soko la bunilizi ya Kiswahili lina dalili njema. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na sasa inajulikana kama Safal-Cornell, imewavuta waandishi wapya na kuchapisha kazi ambazo zingebaki kwenye droo, Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon ikiwa mojawapo. Kinachohitajika sasa ni wahariri wenye muda wa kukaa na mwandishi na kumuuliza maswali magumu kabla ya mswada kwenda mtamboni: mhusika wako anataka nini katika sura ya tatu, na je, sura ya nne ingetokea kama angetaka kitu kingine?

Walimu wana nafasi kubwa kuliko hata wahariri, kwa sababu wao wanawapata waandishi wakiwa na miaka 15. Sambamba na swali la kutaja dhamira nne za Rosa Mistika, darasa linaweza kupewa swali jingine: Zakaria angeisoma barua ya Charles, akaikunja, akamrudishia binti yake bila kumpiga, ni sura zipi za riwaya zingefutika na zipi zingebaki? Mwanafunzi atakayekaa na swali hilo jioni nzima, akafuata uzi wa sababu kutoka Namagondo mpaka Mwanza na kurudi, atakuwa ameshaanza kuandika riwaya yake.